Madini Yalanayo

Msomaji, huenda umepata kuona gari la safari lenye bodi ya aluminiamu likiwa limeegeshwa kando ya njia: ama Land Rover kuukuu iliyokwisha badili wenyewe mara nne, ama ile nyumba ndogo ya kulala ipakiwayo juu ya pikapu, ambayo wasafiri wa Marekani huipenda sana. Ukilitazama kwa mbali laonekana zima. Lakini sogea karibu, uinamie pale bati la aluminiamu linapokutana na chuma cha chini, au pale skrubu ya chuma ilipopenya batini. Utaona rangi imevimba kama ngozi iliyoungua. Ukiikwaruza kwa ukucha yabanduka, na chini yake pana unga mweupe mfano wa majivu. Upulize unga huo, na mara nyingine utaona mwanga wa upande wa pili, maana bati limekwisha toboka. Ajabu ni kwamba skrubu yenyewe yaweza kuwa nzima kabisa, imesimama katikati ya tundu kama mgeni aliyekula chakula chote cha mwenyeji wake.

Jambo hili huwashangaza wengi, kwa sababu tumezoea kuambiwa kwamba aluminiamu haishiki kutu. Basi mwenye gari hulaumu mvua, au hulaumu fundi wa rangi. Nataka kukusimulia asili ya unga ule mweupe. Na ili niisimulie sawasawa sina budi kukurudisha nyuma zaidi ya karne mbili na nusu, tena baharini, katika zama za meli za mbao na matanga, wakati ambapo aluminiamu haikuwa imepata hata jina.

Meli za mbao zilikuwa na adui mdogo kuliko mizinga, lakini asiyechoka. Huyo ni funza wa baharini, mdudu laini ambaye kwa kweli ni wa jamaa ya chaza na kome, naye hutoboa mbao zilizo chini ya maji hata zikawa kama sega la nyuki. Mabaharia wa pwani yetu walimjua vema. Ndiyo sababu walipandisha vyombo vyao ufuoni maji yakipwa, wakavipaka shahamu iliyochanganywa na chokaa kabla ya kuvirudisha baharini. Na kwa kuwa tumegusa pwani yetu, nikumbushe kwamba mtepe wa upande wa Lamu ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja. Mtepe ulikuwa na udhaifu wake, ulivuja, na mabaharia hawakukoma kufua maji; lakini ugonjwa nitakaousimulia haukuweza kuupata, kwa kuwa haukuwa na madini mawili ya kugombana.

Meli za Ulaya zilijaa chuma. Mbao zao ziliungwa kwa misumari na bolti ndefu za chuma, na usukani ulining'inia kwa bawaba za chuma. Katika karne ya 17 Waingereza walijaribu kuzivika baadhi ya manowari zao mabati ya risasi ili kumzuia funza. Funza akazuilika, lakini vyuma vya usukani vikaanza kuliwa upesi kuliko ilivyokuwa desturi. Watu wakabishana: mmoja akasema ni kosa la risasi, mwingine akasema ni kosa la chuma kibovu. Mabishano yakaisha bila jibu, na risasi ikaachwa.

Karibu miaka themanini baadaye, katika mwaka wa 1761, wakuu wa manowari za Uingereza wakajaribu tena, safari hii kwa shaba nyekundu. Waliichagua manowari moja ya mizinga 32, iitwayo Alarm, wakaifunika tumbo lote kwa mabati membamba ya shaba, kisha wakaipeleka visiwa vya West Indies, ambako bahari ni ya joto na funza ni wengi. Iliporudi, na kukaguliwa katika mwaka wa 1763, habari zilikuwa mbili. Ya kwanza iliwafurahisha mno: funza hakuingia, wala mwani na wadudu wenye magamba hawakushika, maana shaba inapoyeyuka kidogo kidogo majini huwa ni sumu kwao. Meli safi namna hiyo hukata maji mbio kuliko meli yenye ndevu. Habari ya pili iliwatia hofu. Kila mahali ambapo shaba iligusa misumari ya chuma, misumari ilikuwa imeliwa vibaya, mingine imekuwa kama uji wa kutu.

Kila mahali, ila mahali fulani. Hapo ndipo penye kiini cha kisa chetu, msomaji, nami naomba usipapite upesi. Mabati ya shaba yalikuwa yameletwa kwa mafundi yakiwa yamefungwa katika karatasi ya rangi ya kahawia. Mafundi, ama kwa haraka ama kwa uvivu, hawakuibandua karatasi yote. Wakapigilia baadhi ya mabati pamoja na karatasi yake. Wakaguzi waliona kwamba pale ambapo karatasi ilisalia kati ya shaba na chuma, msumari ulikuwa mzima. Meli ni ile ile, na maji ya chumvi ni yale yale. Kilichotofautiana ni karatasi tu. Wakaandika katika taarifa yao kwamba chuma kisiachwe kugusana na shaba ndani ya maji ya bahari.

Naona taarifa hiyo ni ya kusifiwa sana. Wale watu hawakujua neno lolote juu ya mkondo wa umeme. Hakuna mtu duniani aliyejua wakati ule. Walitazama tu kwa makini, wakaandika walichokiona, nao wakasema kweli.

Lakini kuandika ni jambo moja na kufuata ni jingine. Mwaka wa 1779 Uingereza ilikuwa vitani na makoloni yake ya Marekani, na Ufaransa na Uhispania zilikuwa zimejiunga na vita hiyo dhidi yake. Manowari zake hazikutosha. Msimamizi wa mambo ya meli, Charles Middleton, akashauri kwamba kama haiwezekani kuongeza meli, basi zilizopo ziongezwe mbio. Na shaba ndiyo iongezayo mbio. Katika miaka michache tu karibu manowari zote zikavikwa shaba. Ile taarifa ya Alarm haikusahauliwa kabisa. Middleton aliamuru karatasi nene na dawa za kuzuia maji ziwekwe kati ya shaba na mbao, akitumaini kwamba bolti za chuma hazitaguswa na maji ya bahari. Matumaini hayo hayakudumu. Meli hujinyonga na kujinyoosha juu ya mawimbi, mabati huchanika, na maji yakipata upenyo wa uzi hupita. Bolti zikaliwa ndani ya mbao, mahali ambapo jicho halioni.

Katika mwezi wa Septemba 1782 msafara wa meli uliokuwa ukirudi kutoka Jamaika ulikumbwa na tufani kubwa katikati ya Atlantiki. Manowari kubwa Ramillies, Centaur na Ville de Paris zikapotea, na mabaharia kwa maelfu wakafa. Tufani ilikuwa kali, na meli nyingine zilikuwa na majeraha ya vita, kwa hiyo si haki kusema kwamba kila iliyozama iliuawa na bolti zake. Hata hivyo shaka juu ya bolti zilizoliwa ilizidi kuwa nzito, na mwaka wa 1783, vita ilipokwisha, ikaamriwa kwamba bolti za chuma zitolewe na mahali pake ziwekwe bolti ngumu za shaba na mchanganyiko wake. Ilikuwa gharama kubwa mno, na miaka 20 ilikuwa imepita tangu mkaguzi aione ile karatasi ya kahawia.

Sababu ilikuja kujulikana kwa njia ambayo hakuna baharia angeiota. Huko Bologna, katika Italia, alikuwako mganga na mwalimu aitwaye Luigi Galvani. Yeye alikuwa akipasua vyura ili ajifunze mishipa yao, naye akaona kwamba mguu wa chura aliyekwisha kufa huruka kama wa hai unapoguswa na madini mawili ya namna mbalimbali yaliyounganishwa. Alitangaza habari hiyo mwaka wa 1791, akidhani kwamba umeme umo katika mnyama. Mwitalia mwenzake, Alessandro Volta, akakataa. Volta alisema chura ni shahidi tu, na umeme watoka katika madini yenyewe. Ili kuthibitisha, akapanga vipande vya fedha na zinki, kimoja juu ya kingine, na kati yake akatia vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Na mwaka wa 1800 akawaandikia wataalamu wa London kwamba mpango wake watoa umeme usiokatika. Hiyo ndiyo betri ya kwanza. Galvani alikuwa amekwisha kufa, lakini jina lake likabaki katika ugonjwa huu wa madini hata leo.

Sasa waweza kuelewa meli ile. Madini hayana tabia moja. Mengine hutoa umeme wake kwa wepesi, mengine huung'ang'ania. Ukiyapanga kuanzia lililo jepesi kutoa, utaanza na magnesi, ufuate zinki, kisha aluminiamu, kisha chuma, kisha risasi, kisha shaba, kisha fedha, na mwisho dhahabu. Yaunganishe mawili ndani ya maji ya chumvi, na lile la mbele litatoa umeme kulipa la nyuma, nalo litayeyuka katika kutoa huko. Mambo matatu lazima yakutane: madini mawili ya daraja mbalimbali, mahali pa kugusana, na maji yenye chumvi au uchafu wa kupitisha umeme. Ondoa moja katika matatu hayo, mchezo umekwisha. Karatasi ya Alarm iliondoa la pili.

Liko jambo la nne, nalo ni la ukubwa. Tumbo la meli lilikuwa na shaba nyingi sana, na misumari ya chuma ilikuwa michache na midogo. Chuma kidogo kikiwa peke yake mbele ya shaba nyingi ni kama mtu mmoja aliyewekwa kulipia karamu ya kijiji kizima. Hafilisiki polepole, hufilisika siku ile ile. Liweke hilo moyoni, tutalihitaji tutakapofika kwenye gari.

Aliyeigeuza elimu hii iwe dawa ni Mwingereza Humphry Davy. Mwaka wa 1823 wakuu wa manowari walimwomba awaeleze kwa nini shaba ya meli zao inachakaa upesi, akajibu kwa hila nzuri: ikiwa dhaifu huliwa ili mwenye nguvu asalimike, basi mpe shaba dhaifu wa kuliwa. Alionyesha kwamba kipande cha zinki kidogo kama punje ya njegere chatosha kulinda shaba ya inchi za mraba 40 au 50. Mwaka wa 1824 manowari Samarang ikafungwa vipande vya chuma cha kusubu juu ya shaba yake, ikaenda Nova Scotia na kurudi. Shaba ilirudi nzima. Lakini, ole wake Davy, ilirudi imejaa mwani na magamba. Shaba isiyoyeyuka haitoi sumu, na wadudu waliijia kama waendao sokoni. Meli zilizolindwa zikawa nzito, manahodha wakalalamika, na mwaka wa 1825 wakuu wakaamuru dawa ya Davy iondolewe. Magazeti yakamcheka, naye akafa mwaka wa 1829 akiwa na uchungu wa jambo hilo. Hakukosea hata neno moja katika elimu yake. Meli za chuma zinazotia nanga Kilindini leo hubeba ubavuni vipande vya zinki au vya mchanganyiko wa aluminiamu, vilivyowekwa makusudi ili viliwe. Hata bati la nyumba yako, likiwa ni chuma kilichochovywa katika zinki kwa njia ambayo Mfaransa Sorel aliichukulia haki mwaka wa 1837, hujilinda kwa hekima hiyo hiyo.

Na Davy huyu huyu ndiye aliyeipa aluminiamu jina lake, kabla haijapatikana. Alijua kwamba imo katika chumvi fulani za udongo lakini hakuweza kuitenga. Oersted wa Denmark aliipata kidogo mwaka wa 1825, na kwa miaka mingi baada ya hapo ilikuwa ghali kama vito. Kisha mwaka wa 1886 vijana wawili wasiojuana, Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa, kila mmoja mwenye miaka 22 au 23, wakavumbua njia ya kuitenga kwa umeme, na bei yake ikaanguka.

Mwaka ule ule wa 1886, mwezi wa Oktoba, sanamu kubwa ya Uhuru ilizinduliwa katika bandari ya New York. Ngozi yake ni shaba, na mifupa yake, iliyotengenezwa na Gustave Eiffel, ni chuma. Eiffel aliujua ugonjwa wa Alarm; kwa hiyo kati ya shaba na nondo za chuma akaweka kitambaa cha asbesto kilicholoweshwa vanishi. Kitambaa kilifanya kazi yake kwa muda, kisha vanishi ikaisha, nacho kikaanza kunywa maji ya mvua na unyevu wa bahari. Kikageuka kutoka ukuta kuwa sifongo. Nondo zikaota kutu, kutu ikavimba, ikang'oa ribiti za shaba. Sanamu ilipotengenezwa upya, kati ya mwaka wa 1984 na 1986, nondo kama 1,800 zilitolewa, zikawekwa mpya za chuma cha pua kisichoshika kutu, na kati yake na shaba ukalazwa utepe wa Teflon usiokunywa maji. Kumbuka kitambaa kile, msomaji.

Sasa turudi barabarani. Aluminiamu ilisifiwa kuwa haina kutu, na kwa sehemu ni kweli. Inapoguswa na hewa hujifunika mara moja kwa utando mwembamba sana, mgumu, usioonekana, ambao huizuia isiliwe zaidi. Lakini itazame katika ule mpango wa madini: iko mbele ya chuma, mbele ya shaba, nyuma ya zinki na magnesi tu. Utando ule humdanganya mtu. Maji ya chumvi huutoboa, na mara aluminiamu ikiwa imegusana na chuma huwa ndiyo mlipaji wa karamu.

Na wajenzi wa magari waliigusanisha na chuma kila mahali, kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Aluminiamu ni nyepesi, nzuri kwa ukuta. Chuma ni imara, kizuri kwa chasi. Katika Marekani Wally Byam alitoa mwaka wa 1936 trela ya kulala iliyoitwa Clipper, ya mabati ya aluminiamu yaliyofungwa kwa ribiti kama mwili wa ndege, juu ya chasi ya chuma. Trela zake zilifika hata kwetu: mwaka wa 1959 aliongoza msafara wa trela 41 kutoka Cape Town, wakapita Afrika Mashariki na kuingia Uhabeshi, hata wakafika Cairo mwaka wa 1960. Uingereza nayo ilitoa Land Rover mwaka wa 1948, wakati chuma kilipokuwa adimu baada ya vita, ikawa bodi ni ya aluminiamu na chasi ni ya chuma. Nyumba za kupakiwa juu ya pikapu zilifuata desturi hiyo hiyo. Ndani ya kuta zake mna skrubu, pembe za chuma, bawaba, vishikio vya kuifunga isidondoke. Na kila kimoja ni msumari wa Alarm uliogeuzwa, kwa kuwa sasa si msumari unaoliwa bali ni bati.

Utauliza: bahari iko wapi? Bahari imepelekwa barabarani. Tangu miaka ya 1940 miji mingi ya Marekani ya kaskazini imekuwa ikimwaga chumvi njiani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na magurudumu huirusha chumvi hiyo chini ya gari. Kwetu pwani haihitaji kumwagwa, upepo wa kusi huileta bure. Na ndani ya gari la kulala watu hupumua na kupika. Mvuke wa pumzi na sufuria hupoa juu ya bati usiku, ukatiririka ukutani mpaka kwenye chasi, ukakaa pale. Gari lililosafiri siku thelathini na kuegeshwa siku mia tatu limo katika kuliwa siku zote mia tatu.

Hapa ile habari ya ukubwa yarudi. Skrubu ndogo ya chuma katika bati kubwa la aluminiamu si hatari kama ribiti ndogo za aluminiamu zilizoshika pande kubwa la chuma. Ribiti hizo huliwa upesi hata vichwa vikadondoka, na ukuta ukaachana na chasi. Ile skrubu hula polepole zaidi, ila kwa kuwa maji ya gari ni utando mwembamba tu, si bahari, umeme wake haufiki mbali. Huchimba pale pale penye tundu lake. Ndiyo maana uliona uvimbe wa mviringo kuizunguka.

Mwenye gari akiamua kutengeneza, jambo la kwanza ni kufungua. Kupaka rangi juu ya uvimbe ni kumfunika mgonjwa blanketi. Afungue mpaka aluminiamu na chuma viachane, ausugue unga mweupe uishe, na brashi yake iwe ya nyuzi za chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa brashi ya chuma cha kawaida huacha vipande vyake ndani ya aluminiamu, na brashi ya shaba huacha vibaya zaidi. Kisha aoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, akaushe. Bati lililobaki jembamba kama karatasi alikate, aweke kiraka cha aluminiamu, wala asiweke cha chuma.

Katika kupaka rangi watu hukosea kwa jambo ambalo akili ya haraka hulikubali. Hupaka aluminiamu, kwa sababu ndiyo inayoliwa, na chuma hukiacha. Sasa rangi ikikwaruzika mahali padogo kama tembe ya mchele, padogo hapo pamekuwa mlipaji wa chuma chote kilicho uchi, na patatoboka kabla pasipopakwa kabisa. Avipake vyote viwili. Na ikiwa rangi yatosha kimoja tu, apake chuma. Wengine, waliosoma habari za Davy nusu, hufunga kipande cha zinki chini ya gari wakitumaini kitailinda bodi. Hakilindi. Zinki ya meli imo katika maji yale yale yaliyoizunguka meli yote. Zinki ya gari iko hewani, na tone la maji lililo kwenye skrubu halina habari nayo.

Baada ya rangi hubaki kutenganisha. Kati ya bati na chasi ulazwe utepe wa plastiki au mpira mgumu, wala si zulia, wala si kitambaa cha sufu, ambavyo vitakuwa kama asbesto ya Eiffel. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, kila moja na washa ya nailoni na mkono wa plastiki ndani ya tundu, zipakwe dawa nzito ya kuzuia maji kabla ya kukazwa. Na chini kabisa, pale maji yalipozoea kukaa, atoboe vitundu vya kuyatoa. Vitundu hivyo mara nyingine huwa na faida kuliko rangi zote.

Mwisho ni sakafu. Mbao ya zamani huwa imeoza, na mtu mwenye bidii huenda kununua mbao iliyotiwa dawa ili isioze tena. Hapo na aangalie. Dawa nyingi za mbao ni shaba. Marekani, tangu mwaka wa 2004, mbao za kujengea nyumba zilipoacha kutiwa dawa yenye arseniki, zilitiwa dawa mpya zenye shaba nyingi zaidi kuliko za kwanza. Mbao hiyo ikilowa, shaba hutoka pamoja na maji, ikajibandika juu ya aluminiamu punje kwa punje, na kila punje ni shaba ya Alarm ndogo. Bati hujaa vitundu chini ya sakafu mpya, mahali ambapo jicho halioni. Mafundi wajuao hutumia mbao ya kawaida iliyopakwa rangi pande zote pamoja na kingo. Na ikiwa hawana ila ile yenye shaba, hulaza kati yake na bati utepe mnene wa plastiki, nao huukata uzidi kingo za mbao kwa upana wa kidole, ili maji yatokayo katika mbao yasilifikie bati.